Bodi Tuliyoichagua Ilipowekwa Kando: Maelezo ya Mzazi wa Houston kwa Wazazi wa Fort Worth

Mnamo Oktoba 2025 kamishna wa elimu wa jimbo la Texas, Mike Morath, alitangaza kwamba serikali ya jimbo itachukua uendeshaji wa shule za umma za Fort Worth na kuteua bodi ya mameneja itakayokaa mahali pa bodi iliyochaguliwa na wananchi. Tangu hapo simu yangu haijatulia. Ndugu walioko Fort Worth, ambao wengi wao tuliishi nao katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa Marekani, wananiuliza kama shule zitafungwa, kama watoto watahamishwa, na kama bado kuna maana ya mzazi kwenda kwenye kikao chochote. Wananiuliza mimi kwa sababu watoto wangu watatu wanasoma katika shule za umma za Houston, ambako jambo hilo hilo lilifanyika Juni 2023, na kwa sababu katika miaka hii nimekuwa nikiwasindikiza wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili kwenye vikao na ofisi mbalimbali. Nimeona heri niyaandike yote mahali pamoja, pamoja na yale yaliyotuumiza.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kiliondolewa. Kule Uvira, kwetu Kongo, na baadaye kambini, sisi tulijua kamati ya wazazi: majirani waliokutana darasani wakazungumzia ada, paa linalovuja na mwenendo wa mwalimu. Bodi ya shule ya hapa ina madaraka makubwa kuliko hayo. Wilaya ya shule ya Houston ndiyo kubwa kuliko zote katika Texas, ilikuwa na shule zipatazo 270, na zote zilikuwa chini ya bodi moja ya watu tisa wasiolipwa mshahara, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa eneo lake kwa kipindi cha miaka minne. Bodi hiyo ndiyo iliyomwajiri mkurugenzi mkuu na kuweza kumfukuza, ikapitisha bajeti na ikaamua shule ipi ifunguliwe na ipi ifungwe. Makao makuu ya wilaya yana jina la Hattie Mae White, mwanamke ambaye mwaka 1958, wakati shule za Houston zilikuwa bado zinawatenga watoto Weusi, alichaguliwa kuingia katika bodi hiyo, na hakuna Mweusi mwingine aliyekuwa amechaguliwa kushika wadhifa wa umma Texas tangu karne ya kumi na tisa. Nalitaja jina hilo makusudi. Wazee Weusi wa mji huu walipojaa barabarani kupinga uamuzi wa jimbo, baadhi yetu wageni tuliwashangaa, tukidhani wanawatetea wanasiasa. Walikuwa wanakumbuka haki hiyo iliwagharimu nini.

Sababu za kisheria ni muhimu kuzijua, kwa kuwa ndizo zitakazoamua bodi itarudi lini. Mwaka 2015 Bunge la Texas lilipitisha sheria inayomtaka kamishna, pale shule hata moja inapoanguka miaka mitano mfululizo, aifunge shule hiyo au aiondoe bodi ya wilaya nzima. Mmoja wa waliosimama mbele kuitetea ni Harold Dutton, mbunge wa Houston, ambaye mwenyewe alisoma Shule ya Sekondari ya Phillis Wheatley katika mtaa wa Fifth Ward. Na ni matokeo ya Wheatley hasa yaliyoitumbukiza Houston katika sheria hiyo. Pamoja na hayo, wajumbe kadhaa wa bodi walikutwa wamepanga kwa siri, mwaka 2018, kumbadilisha kaimu mkurugenzi, kinyume cha sheria ya vikao vya wazi. Jimbo lilitangaza mwaka 2019 kwamba linaichukua wilaya, wilaya ikaenda mahakamani na kupata zuio, sheria ikarekebishwa mwaka 2021, na Januari 2023 Mahakama Kuu kabisa ya Texas ikaliondoa zuio hilo. Wakati huo Wheatley ilikuwa imekwisha kupanda na kupata alama ya kufaulu, lakini sheria haikujali. Tarehe 1 Juni 2023 kamishna aliwateua mameneja tisa, wakazi wa hapa hapa, na pamoja nao mkurugenzi mkuu mpya, Mike Miles, ambaye aliwahi kuziongoza shule za Dallas na kuanzisha mtandao wa shule za kukodishwa, yaani "charter", ambazo ni shule za umma zinazoendeshwa na taasisi zilizo nje ya wilaya. Kwa Fort Worth pia chanzo ni shule moja, ya darasa la sita. Wazazi wenzangu, nawasihi msitumie nguvu zenu zote kubishana kama ni haki shule moja iangushe wilaya nzima. Sisi tulibishana hivyo majira yote ya joto, na Agosti watoto wakaingia katika utaratibu ambao hatukuwa tumeusoma.

Utaratibu huo uliitwa Mfumo Mpya wa Elimu, na watu wengi hapa huufupisha kwa herufi NES. Ulianza na shule 28, nyingine 57 zikajiunga nao mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ukaenea hadi shule 130. Ndani ya darasa la NES mwalimu hufuata slaidi zilizoandaliwa makao makuu, huwauliza watoto swali la pamoja kila baada ya dakika chache, na somo likiisha hutolewa jaribio fupi. Wanaofaulu huondoka kwenda kwenye chumba kingine kufanya kazi ngumu zaidi, na wasiofaulu hubaki na mwalimu kurudia. Katika shule nyingi za mfumo huo wakutubi waliondolewa, na maktaba ndizo zilizogeuzwa kuwa vyumba hivyo. Walimu wake walilipwa zaidi ya wenzao, na wasaidizi waliongezwa. Desemba 2023 wilaya ilipata pia hadhi ya kisheria inayoiruhusu, pamoja na mambo mengine, kuajiri walimu wasio na cheti cha ualimu cha jimbo.

Nitasema niliyoyaona nyumbani kwangu. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha, alichangamka. Alipenda majaribio ya kila siku, na hesabu zake zilipanda waziwazi. Mdogo wake, ambaye alikuwa bado anaitafuta lugha, alikuwa akirudi nyumbani kimya. Slaidi zilipita kabla hajamaliza kusoma swali, na kila siku alijiona akibaki chumbani huku wenzake wakiinuka. Kwa hiyo mzazi asikubali kuambiwa kwamba mfumo ni mzuri wala kwamba ni mbaya kabla hajajua mtoto wake yuko upande gani wa jaribio hilo. Muulize mwalimu, kwa maandishi, ni mara ngapi kwa wiki mtoto wako hubaki kurudia, na ni msaada gani wa Kiingereza anaopewa katika saa hiyo hiyo. Mimi jibu la swali hilo lilinifaa kuliko mikutano yote.

Mikutano ndiyo iliyonionyesha tulichokuwa tumepoteza. Zamani, mzazi mwenye shida asiyepata jibu kwa mwalimu mkuu alikuwa na mtu wa kumwendea: mjumbe wa eneo lake, ambaye alijua kwamba baada ya muda atarudi kuomba kura katika makanisa na masoko yetu. Hata asiyekuwa na kura alisikilizwa, kwa sababu jirani yake alikuwa nayo. Mameneja hawakugawanywa kwa maeneo, wala hawaombi kura kwa mtu yeyote. Aliyewaweka na anayeweza kuwaondoa ni kamishna aliyeko Austin, mji mkuu wa jimbo, na kamishna mwenyewe huteuliwa na gavana. Nilipokwenda makao makuu kuzungumza, nilikuwa nimepoteza malipo ya zamu ya usiku kwenye ghala ninakofanya kazi na nimemwachia jirani watoto. Nilikaa kwenye foleni ndefu ya wasemaji, na zamu yangu ilipofika nilipewa muda mfupi sana, kwa kuwa watu wakiwa wengi dakika hupunguzwa. Mameneja walinisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa kunijibu, na hakuna aliyejibu. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata tulipokuwa tunapanga foleni ya unga kambini, maana huku nilikuwa nimeahidiwa kwamba mimi ni sehemu ya wenye mamlaka.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho kiini cha maandishi haya. Bodi iliyochaguliwa ikiondolewa, hupotea mtu mwenye wajibu wa kukujibu kisiasa, lakini hawapotei wale wenye wajibu wa kukujibu kisheria. Haki nyingi za mtoto hazikutoka kwenye bodi. Zimetoka Washington na katika sheria za jimbo lenyewe, na mameneja wanabanwa nazo kama walivyobanwa waliowatangulia. Mzazi aliyezoea kulalamika kwa mdomo hana budi sasa ajifunze kuandika barua yenye tarehe.

Mfano wa wazi ni elimu maalumu. Mama mmoja wa kanisani kwetu alikuwa na mtoto wa darasa la tatu ambaye kusoma kulimshinda kabisa, na kila alipouliza shuleni aliambiwa asubiri, mtoto ni mgeni, atazoea. Alikuwa ameuliza kwa mdomo mwaka mzima. Tulipoandika barua ya aya mbili kwa mwalimu mkuu, tukasema kwamba anaomba mtoto apimwe kwa ajili ya elimu maalumu, tukaweka tarehe na tukabaki na nakala, mambo yalibadilika. Sheria za Texas zinaitaka wilaya iliyopokea ombi la maandishi ijibu ndani ya siku 15 za shule, ama kwa kukubali na kumpa mzazi fomu ya ridhaa, ama kwa kukataa na kueleza sababu kwa maandishi. Mzazi akishatia saini ridhaa, tathmini inatakiwa ikamilike ndani ya siku 45 za shule. Kisha huitwa kikao cha kupanga elimu maalumu ya mtoto, kinachojulikana kama ARD, ambacho mzazi ni mjumbe wake kamili. Msitie saini karatasi ya kikao hicho usiku huo huo kwa aibu ya kuwachelewesha walimu. Ombeni kwenda nayo nyumbani. Wapo wazazi wetu waliotia saini mpango wasiouelewa, na kuubadilisha baadaye kuliwachosha.

Kuhusu mkalimani, msione haya. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza taasisi inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kwa shule hilo linamaanisha kwamba mzazi asiyejua Kiingereza apewe taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa. Ombeni mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya kikao, tena kwa maandishi. Mara nyingi atakuwa wa simu, na mara nyingine atakuwa anazungumza Kiswahili cha pwani ambacho mzazi wa Fizi au Kalemie hukifuata kwa tabu. Semeni pale pale kwamba hamwelewani, kikao kiahirishwe. Wala mtoto asitumwe kuwa mkalimani katika kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Nimemwona kijana wa miaka 13 akimtafsiria baba yake habari za utoro wake mwenyewe, na baba akatoka akimshukuru mwalimu kwa sifa nzuri.

Jambo jingine lililowagharimu watu ni kuhama kwa pupa. Msimu ule wa kwanza familia nyingi ziliwatoa watoto, zikawapeleka shule za kukodishwa au zikahamia vitongoji vilivyo chini ya wilaya nyingine. Kwa wengine ilikuwa heri. Kwa baadhi ya watu wetu ikawa mzigo mwingine: kodi ya nyumba ilipanda, shule mpya haikuwa na basi, baba akaacha kazi ya asubuhi ili apeleke watoto, na katikati ya mwaka wakarudi walikotoka huku mtoto amekosa mtiririko wa masomo pande zote mbili. Kabla ya kuhama, ulizeni mambo matatu yaliyo wazi: usafiri upo, msaada wa Kiingereza upo, na huduma za elimu maalumu mtoto anazozipata sasa zitaendelea vipi huko. Ulizeni pia sifa za mwalimu wa mtoto wenu wa sasa. Katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya watoto wa familia maskini, mzazi ana haki ya kuuliza kama mwalimu ana cheti, na jimbo lina orodha ya vyeti iliyo wazi kwa umma ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta.

Sitawaficha upande wa pili. Alama za mitihani ya jimbo zilipanda tangu mwaka wa kwanza. Kwa mwaka 2023 shule 56 zilikuwa na alama F, ya chini kabisa, na matokeo yaliyotolewa Agosti 2025 hayakuwa na shule hata moja ya F katika Houston. Mzazi ambaye mtoto wake alikuwa katika shule iliyosahaulika kwa miaka ana haki ya kufurahi, na mimi nimekaa na wazazi wa namna hiyo, wala sikuthubutu kuwaambia kwamba furaha yao ni bure. Lakini katika miaka hiyo hiyo walimu wengi waliondoka, maelfu ya wanafunzi wakaondoka, na watoto wakabaki na shule zisizo na maktaba. Tena uzoefu wa nchi nzima hauahidi mengi: utafiti uliochunguza wilaya 35 zilizochukuliwa na majimbo kati ya 2011 na 2016 haukukuta kwamba, kwa wastani, watoto walisoma vizuri zaidi kwa sababu ya hatua hiyo. Maoni yangu ni kwamba matokeo mazuri hayatoshi kuhalalisha kuwanyamazisha wazazi. Slaidi bora zingeweza kuletwa na bodi ambayo tungeweza kuiuliza kwa nini imeifunga maktaba.

Nguvu yetu tuliiona Novemba 2024, na kwangu uamuzi huo uliumiza moyo. Mameneja waliweka mbele ya wapiga kura ombi la hatifungani, yaani mkopo wa wilaya, za dola bilioni 4.4, kubwa kuliko ombi lolote la shule katika historia ya Texas, kwa ajili ya kujenga na kukarabati majengo. Majengo yanahitaji kukarabatiwa. Hilo halina ubishi. Mwanangu amesoma katika chumba ambacho kipoza hewa kilikufa mwezi wa Septemba, na asiyeijua Septemba ya Houston hawezi kuelewa maana yake. Mume wangu alisema tupige kura ya ndiyo, kwa sababu joto halimwulizi mtoto nani ameteuliwa na nani amechaguliwa. Mimi nilikuwa nimepata uraia na hiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza ya aina hii. Nilisoma mpango wote, nikatafuta ni nani atawajibika kwetu fedha zikitumika vibaya, nikakuta ni watu wale wale tisa ambao hatukuwachagua na hatuwezi kuwaondoa. Nilipiga kura ya hapana, na karibu asilimia 58 ya wapiga kura walifanya hivyo. Sikushangilia, kwa sababu joto la darasani lilibaki pale pale. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu Juni 2023, wakubwa walilazimika kuyazungumzia maneno yetu hadharani. Fort Worth ikifikia kura ya namna hiyo, kila mmoja apime kwa dhamiri yake, lakini apime akijua kwamba jimbo likishachukua wilaya, fedha za hatifungani bado haziwezi kukopwa bila ridhaa ya wapiga kura.

Mwisho ni uchaguzi wa bodi yenyewe, jambo ambalo watu wetu wengi wamelipuuza kabisa. Wajumbe waliochaguliwa hawakufutwa, waliondolewa madaraka. Viti vyao viliendelea kupigiwa kura Novemba 2023 na tena Novemba 2025, na watu wachache mno walijitokeza, kwa kudhani ni mchezo usio na maana. Juni 2025 jimbo lilirefusha muda wa mameneja hadi tarehe 1 Juni 2027, na kwa utaratibu wa sheria, siku jimbo litakaporidhika, madaraka yatarudi kwa hatua, theluthi moja ya bodi baada ya nyingine. Watakaoingia ni hao hao wanaochaguliwa sasa katika uchaguzi ambao hatuuhudhurii. Mjumbe asiye na madaraka leo anaweza pia kuuliza maswali hadharani, kuwakusanya wazazi na kuomba nyaraka chini ya sheria ya taarifa za umma, ambayo huipa ofisi siku 10 za kazi kutoa nyaraka hizo, kueleza zitapatikana lini, au kuomba ruhusa ya kuzizuia. Mtu wa kawaida naye anaweza kuomba nyaraka hizo, hata kama si raia.

Kupiga kura, kwa upande mwingine, ni kwa raia peke yao, na hapa nawaomba mwe waangalifu sana. Anapokwenda kuchukua leseni ya udereva, mtu huulizwa kama anataka kujiandikisha kuwa mpiga kura. Ndugu mwenye kadi ya ukaazi, au aliyeletwa kama mkimbizi na bado hajaapa kuwa raia, ajibu hapana, hata kama karani anaonekana kumhimiza, kwa sababu kujiandikisha kimakosa kunaweza kumharibia ombi lake la uraia na hata kumtoa nchini. Aliye raia ajiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, na auchunguze uchaguzi wa bodi ya Fort Worth unafanyika mwezi gani, maana si lazima tarehe yenu iwe sawa na yetu. Ninayo barua ile ya kuomba tathmini ya elimu maalumu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nimeanza kuwatumia wanaonipigia. Anayeihitaji aniambie tu darasa la mtoto na shida anayoiona, tutaiandika pamoja.